Tangi Kubwa la Mimea ya Maji Matamu Mombasa: Namna ya Kulijenga na Kulitunza

Mtu anayetaka kuweka tangi kubwa la samaki lenye mimea hai nyumbani mwake Mombasa kwa kawaida huanzia dukani, akalinganisha vioo, taa na samaki wa rangi. Ingefaa aanzie kwenye mfereji wa jikoni. Maji yanayoingia katika nyumba yake, pamoja na joto la pwani, ndiyo yatakayoamua ni mimea gani itastawi na ni samaki gani watadumu, na uamuzi huo hautabadilishwa na taa ya bei ghali. Maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako shughuli kubwa ni kuyapasha maji moto. Kwetu hita ni chombo cha kuachwa dukani, na kazi iliyopo ni kupunguza joto na kudhibiti chumvi.

Katika maelezo haya nitachukulia tangi lenye urefu wa sentimita 150, upana wa 60 na kimo cha 60. Ujazo wake kamili ni lita 540, lakini ukishaondoa nafasi ya udongo, mawe na ile ya juu isiyojazwa, maji yenyewe hubaki kama lita 450. Anayejenga dogo au kubwa zaidi atarekebisha hesabu kwa kadiri yake.

Yajue maji yako kwanza

Kisiwa cha Mombasa na ukanda mrefu wa pwani vimekaa juu ya mawe ya matumbawe ya kale, ambayo kwa asili yake ni chokaa. Maji ya kisima hupita katika mawe hayo yakayeyusha kalisi, na ndiyo maana huacha ukoko mweupe ndani ya birika. Visima vilivyo karibu na bahari, hasa vinavyovutwa sana, huingiwa pia na maji ya bahari, yakawa ya chumvi hata mdomoni. Maji ya bomba nayo hutoka mbali na katika vyanzo tofauti: chemchemi za Mzima zilizo katika hifadhi ya Tsavo Magharibi, visima vya Baricho kandokando ya mto Sabaki, Marere katika milima ya Shimba, na visima vya Tiwi upande wa Kwale. Mgao unapokatika, watu hununua maji ya boza au ya mitungi ya mkokoteni, na hakuna anayeweza kujua kwa macho maji hayo yamechotwa wapi.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununua ni kipimo cha chumvi zilizoyeyuka, kile cha kalamu kinachosoma miligramu kwa lita. Pamoja nacho, tafuta dawa za matone za kupima pH (kiwango cha uchachu wa maji), ugumu wa maji, yaani wingi wa kalisi na magnesi ndani yake, na kabonati, ambayo ndiyo huyazuia maji kubadilika pH ghafla. Pima maji ya bomba, ya kisima na ya muuzaji kwa siku mbalimbali kabla hujaamua lolote. Maji yasiyozidi miligramu 300 kwa lita yatakupa uhuru wa kuchagua karibu mimea yote. Kati ya 300 na 700 bado unaweza kuwa na tangi la kupendeza mno, ila uchague mimea na samaki wanaopenda maji magumu. Yakizidi 1,000, usiyatumie peke yake. Yachanganye na maji ya mvua.

Maji ya mvua ni neema ambayo wafugaji wa samaki wa mjini huiacha ikatiririka barabarani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja, kwa hiyo paa la mita 50 za mraba likinyeshewa milimita 10 tu limekupa lita 500, ambazo ni zaidi ya maji yote ya tangi letu. Acha mvua ya kwanza baada ya kiangazi ioshe vumbi, kinyesi cha ndege na chumvi iliyoletwa na upepo wa bahari, kisha ukinge. Usikinge kwenye mabati mapya yasiyopakwa rangi, kwa sababu hutoa zinki, wala kwenye makuti, ambayo huyapa maji rangi ya chai. Maji ya kisima yenye miligramu 1,200 yakichanganywa sehemu moja kwa sehemu mbili za mvua hushuka hadi karibu 400, kiwango kinachofaa kabisa. Wala usiende upande wa pili ukatumia mvua tupu: maji hayo hayana kabonati, na pH yake inaweza kuporomoka usiku mmoja.

Mapipa ya kuhifadhia maji yafunikwe kwa kifuniko kinachobana au kwa wavu wa mbu. Mbu anayeeneza dengi na chikungunya, magonjwa ambayo Mombasa imeyaonja yote mawili, huzaliana katika maji masafi yaliyotulia majumbani. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaache wazi ndani ya pipa, huku pampu ya hewa ikiyachemsha kwa mapovu kwa saa 24, ndipo uyatumie. Kama kuna shaka kwamba yametiwa kloramini, ambayo haitoki kwa hewa, tia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa na wauzaji wa samaki.

Mahali, meza na kioo

Tangi la ukubwa huu likishajazwa, pamoja na kioo, mchanga, mawe na meza yake, hufikia kilo 700 au zaidi, na uzito wote umekaa juu ya eneo lisilofika mita moja ya mraba. Kwenye sakafu ya saruji iliyo chini kabisa hakuna neno. Ghorofani, liweke ukutani, karibu na nguzo, na urefu wake ukatize mihimili badala ya kulala sambamba nayo. Katika nyumba za zamani za Mji wa Kale, ambazo dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, tangi kama hili lisipandishwe juu hata kama fundi atakuapia kwamba boriti ni imara. Boriti hizo zilipangwa kubeba watu, mikeka na makabati, na nyingine zimeliwa na mchwa kwa ndani bila kuonekana.

Liweke mbali na dirisha linalopigwa na jua la moja kwa moja. Jua la saa kumi alasiri likigonga kioo huongeza joto na kuotesha mwani, na taa yako haitakuwa tena na usemi juu ya muda wa mwanga. Karibu pawe na soketi, na pawe na njia rahisi ya kufika bafuni au uani, kwa kuwa utakuwa ukibeba maji kila wiki kwa miaka.

Meza ya chuma cha mraba kilichochomelewa hufaa, mradi kipigwe rangi ya kuzuia kutu mara mbili, hata ndani ya maungio, kwa sababu hewa ya bahari haisamehi chuma kilichoachwa wazi. Juu yake weka plaiwudi nene isiyoharibiwa na maji, upime kwa pimamaji pande zote, kisha utandike shiti jembamba la povu ili kioo kisikae juu ya chembe ya mchanga.

Fundi wa vioo wa kawaida anaweza kukujengea tangi, lakini umsimamie kwa mambo mawili. La kwanza ni unene: kwa kimo cha sentimita 60 na urefu huu, tumia kioo cha milimita 12, chenye mikanda ya kioo juu pande za mbele na nyuma na daraja katikati. La pili ni silikoni: iwe ile safi isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Iache ikauke kwa wiki nzima. Halafu jaza tangi uani, uliache kwa siku mbili ukikagua maungio, ndipo liingie ndani.

Udongo na mapambo

Usichote mchanga wa ufuoni, hata uoshwe mara ngapi. Nusu yake ni vipande vya kombe na matumbawe, na kadiri unavyokaa majini ndivyo unavyoongeza ugumu. Tumia mchanga wa mto, ule wa ujenzi wenye punje za milimita 1 hadi 3, uliochekechwa na kuoshwa mpaka maji yatoke meupe. Kipimo chake ni rahisi: weka kijiko cha mchanga kwenye kikombe, umimine siki. Ukitoa mapovu, una chokaa, na haufai. Jaribu hivyo hivyo kila jiwe kabla halijaingia. Jiwe la matumbawe linavutia macho na linapatikana kila kona ya mji huu, lakini mahali pake ni ukutani.

Chini ya mchanga panahitajika tabaka lenye rutuba. Udongo maalumu wa matangi unauzwa, ila kwa eneo hili utahitaji mifuko mingi na bei yake inauma. Njia nyingine, ambayo mimi naipendelea kwa tangi kubwa, ni kutumia udongo mwekundu wa shambani usiowahi kutiwa mbolea ya chumvichumvi, uliochanganywa na mboji kidogo iliyooza kabisa. Uloweke, uumwage maji, uukaushe, urudie mara tatu au nne, kisha uuchekeche. Tandika kimo cha sentimita 2 hadi 3 na uufunike kwa mchanga wa sentimita 3 hadi 4. Kuzidisha unene wa udongo ni kukaribisha uozo usio na hewa, ambao utaujua kwa harufu ya yai bovu unapochomeka kidole. Acha ukanda wa sentimita chache mbele ya kioo bila udongo, uwe mchanga mtupu, ili tabaka la chini lisionekane na lisipate mwanga.

Kwa magogo, mti wa mpera uliokauka vizuri ni chaguo jema: ni mgumu, una matawi yaliyopinda na hauozi upesi. Uchemshe au uuloweke kwa wiki kadhaa mpaka uzame. Vipande vya mikoko vilivyookotwa vimejaa chumvi na vinataka kulowekwa kwa muda mrefu zaidi, na kuukata mkoko hai kunadhibitiwa kisheria. Huna haja nao.

Taa, filta na hoja ya gesi

Taa za LED za rangi nyeupe, karibu kelvini 6,500 (kipimo cha rangi ya mwanga), zenye lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 15 hadi 25 kwa kila lita ya ujazo kamili zinatosha. Kwa tangi letu la lita 540 hizo ni kati ya lumeni 8,100 na 13,500. Ziunganishe na taima, ziwake saa sita kwa siku katika mwezi wa kwanza, na baadaye saba au nane. Anayetaka kuona tangi usiku na abadilishe saa za kuwasha. Asiongeze saa.

Filta ya nje ya kopo, au tangi dogo la chini lenye pampu, iwe na uwezo wa kuzungusha maji yote mara nne hadi sita kwa saa, yaani lita 1,800 hadi 2,700. Ndani jaza sponji na vipande vya kauri, maana kazi kubwa ya filta ni kuwapa makazi bakteria, na kunasa uchafu ni ya pili. Kila waya unaoshuka kutoka kwenye tangi upinde chini ya soketi kabla ya kupanda tena, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme.

Wengi huuliza kama ni lazima kutia kabonidioksidi kwa mtungi wa gesi. Gesi hiyo hukuza mimea kwa kasi, hilo halina ubishi. Hata hivyo, maji ya joto hushika gesi kidogo, kiwango kikizidi samaki hukosa pumzi, na valvu ikikwama wakati hakuna mtu nyumbani hasara huwa ya usiku mmoja. Kwa lita 450 zinazokaa kwenye nyuzi 28 au 29, ningemshauri mtu achague mimea isiyoidai gesi hiyo na aweke mwanga wa wastani. Ukuaji utakuwa wa polepole, na kupogoa kutapungua.

Joto na chumvi vinavyokwenda pamoja

Kati ya Januari na Machi, wakati wa kaskazi, joto la mchana Mombasa hufika nyuzi 32 au 33, na maji ya tangi lililofunikwa, likiwa na taa juu yake, yanaweza kupita nyuzi 30. Maji matamu ya nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 30 hubeba 7.6 tu, wakati samaki na bakteria katika joto hilo wanadai oksijeni nyingi zaidi. Usiku mimea nayo hupumua oksijeni ileile. Ndiyo sababu samaki huonekana wakihema juu alfajiri, wala si alasiri.

Dawa ya bei nafuu ni feni. Feni ndogo mbili zinazopuliza juu ya uso wa maji, na kifuniko kikiondolewa, hupunguza nyuzi 2 hadi 4 kwa njia ya mvuke. Zinafanya kazi vyema zaidi hewa inapokuwa kavu, na hewa yetu mara nyingi ni nzito kwa unyevu, kwa hiyo usitarajie miujiza. Pandisha taa juu zaidi, uwashe pampu ya hewa usiku, na usogeze saa za mwanga ziwe za jioni, joto la mchana likishapungua.

Sasa hapa ndipo wengi hawapigi hesabu. Mvuke unapotoka, maji huondoka na chumvi hubaki. Kila sentimita moja inayopungua katika tangi hili ni lita 9. Tuseme feni zinakugharimu sentimita 4 kwa wiki, yaani lita 36, nawe unazirudishia maji ya kisima yenye miligramu 1,000 kwa lita. Umeongeza gramu 36 za chumvi, ambazo katika lita 450 ni miligramu 80 kwa lita kwa wiki moja tu. Hata ukibadilisha robo ya maji kila wiki kwa maji yaleyale, tangi litatulia kwenye kiwango kinachozidi kile cha kisima kwa karibu theluthi moja. Miezi mitatu baadaye mimea itaanza kudumaa, na mwenye tangi atalaumu mbolea. Kanuni, basi, ni hii: kujaza kilichopotea kwa mvuke kufanywe kwa maji ya mvua au maji yaliyosafishwa ya kunywa, na maji magumu yatumike tu wakati wa kubadilisha. Weka alama ya kalamu kwenye kioo ili ujue kila siku maji yamepungua kiasi gani.

Kupanda

Kwa maji magumu, uti wa mgongo wa tangi uwe valisneria, ule mmea wa majani marefu kama ukanda ambao huzaa vichipukizi na kujaza ukuta wa nyuma kwa miezi michache. Hauogopi kalisi wala joto. Ongeza seratofilamu, mmea usio na mizizi unaopatikana pia katika maziwa ya Kenya, ambao hufyonza uchafu kwa kasi na kuwanyima mwani chakula. Anubia, mimea ya Afrika Magharibi yenye majani magumu, pamoja na kangaga la Java, hufungwa kwa uzi juu ya gogo. Shina lao la kulala lisifukiwe mchangani, litaoza. Mbele panda sajitaria fupi, ambayo huvumilia hata chumvi kidogo. Mwenye maji laini aongeze kriptokorini na ekinodorasi, na kama majani ya kriptokorini yatayeyuka wiki ya pili asiing'oe, kwa kuwa mizizi iko hai na itachipua upya.

Baadhi ya watu huchota mimea kwenye mabwawa ya Kwale na Kilifi. Mimea huko ni mizuri, lakini konokono wa maji matamu wa maeneo hayo wanaweza kubeba kichocho, kwa hiyo usiingie miguu mitupu majini, vaa glavu, na usipeleke mmea moja kwa moja tangini. Uloweke katika maji yaliyotiwa shabu, kijiko kikubwa kimoja kwa lita 4, kwa saa mbili hadi tatu, kisha uusuuze vizuri na uuweke peke yake kwenye ndoo kwa wiki kadhaa. Hatua hiyo husaidia pia kugundua viluwiluwi wa kereng'ende, ambao hula samaki wadogo.

Siku ya kupanda, jaza maji theluthi moja tu, yakimiminwa polepole juu ya sahani ili yasichimbue udongo. Panda kwa kibano kirefu, ukianzia nyuma kuja mbele, na unyunyizie majani maji wakati wote. Panda kwa wingi tangu mwanzo. Tangi lenye mimea michache linawapa mwani nafasi ya kwanza, na kuwaondoa baadaye ni kazi maradufu.

Kuliacha tangi likomae

Uchafu wa samaki na chakula kinachooza hutoa amonia. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea huila. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga, ingawa joto la kwetu huwasaidia. Katika muda huo usiweke samaki. Udongo wenye rutuba wenyewe hutoa amonia ya kutosha kuwalisha. Badilisha nusu ya maji kila baada ya siku tatu au nne katika wiki mbili za kwanza, na upime. Amonia na nitriti zikisoma sifuri kwa wiki nzima, na nitrati ikionekana, tangi limekomaa.

Usilegeze jambo hili kwa sababu ya maji yetu. Kwenye pH 7, sehemu ya amonia iliyo katika umbo la sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8 na nyuzi 30, hali ya kawaida kabisa kwa maji ya kisima cha Mombasa, hukaribia asilimia 8. Kiwango ambacho mfugaji wa Ulaya atakiona kidogo, kwako kinaweza kuua.

Samaki

Maji magumu ya joto ni makao ya samaki wadogo kama moli, gapi, plati na mikia-upanga, ambao huzaa wenyewe bila kusumbuliwa. Katika tangi la kimo hiki samaki malaika (angelfish) wanapendeza wakiwa kundi, lakini huwala gapi wadogo, kwa hiyo uchague moja. Mwenye maji laini anaweza kuweka kundi la tetra kadinali, wanaovumilia joto kuliko tetra neoni. Samaki wa dhahabu ni wa maji ya baridi na hung'oa mimea. Perege hufanya hivyohivyo kwa nguvu zaidi, na wale sikilidi wa ziwa Malawi wenye rangi za kuvutia huchimba bustani yote kwa usiku mmoja. Pwani yetu ina samaki wake wa ajabu, Nothobranchius, wanaoishi katika vidimbwi vya mvua na ambao mayai yao husubiri ardhini kiangazi kizima. Ni wazuri mno, ila wanataka tangi lao dogo, tena maisha yao ni mafupi.

Leta wachache kwa wakati mmoja, wakae kwanza kwenye tangi la pembeni kwa wiki mbili hadi nne. Lisha mara moja kwa siku, kiasi kinachomalizika kwa dakika mbili. Wageni na watoto waelezwe kwamba biskuti si chakula cha samaki, kwa sababu watajaribu kuitupa majini.

Kazi za kila wiki na umeme unapokatika

Badilisha robo ya maji kila wiki, yaani mitungi mitano au sita ya lita 20, ukivuta uchafu kwa mpira bila kuchimba udongo. Futa kioo kabla ya kuvuta. Sponji za filta zisuuzwe kila baada ya mwezi au miwili ndani ya ndoo ya maji ya tangi, kamwe si kwenye mfereji, kwa kuwa klorini itaua bakteria uliowasubiri kwa wiki nyingi. Taa zifutwe chumvi na vumbi kwa kitambaa kikavu.

Mbolea ya majini itiwe kidogo kidogo, ukilenga nitrati ya miligramu 10 hadi 20 kwa lita na potasiamu kiasi hichohicho. Majani machanga yakiwa ya njano, mara nyingi kinachokosekana ni chuma, na katika maji yenye pH ya juu chuma kilichofungwa kwa kemikali ya EDTA ili kiyeyuke huachana na maji upesi. Tafuta kilichofungwa kwa DTPA, au ufukie vidonge vya mbolea kwenye mizizi. Mbolea za kunyunyizia mboga, zenye urea au shaba, zisikaribie tangi hili.

Mwani wa kahawia wa wiki za kwanza hutoweka wenyewe. Maji yakigeuka kijani, punguza mwanga na chakula, au lifunike tangi kwa shuka nzito kwa siku tatu mfululizo. Mwani mweusi wa manyoya kwenye majani ya anubia huonyesha uchafu mwingi na mzunguko dhaifu wa maji. Kata majani hayo na ukague filta.

Umeme ukikatika kwa saa moja hakuna la kufanya. Ukizidi saa mbili au tatu, washa pampu ya hewa ya betri ya volti 12, acha kulisha, na ukumbuke kwamba filta ya kopo iliyosimama kwa saa nyingi imeishiwa oksijeni ndani yake. Kabla ya kuiwasha tena, mwaga maji yaliyomo na usuuze sponji, la sivyo itatapika maji yenye sumu ndani ya tangi. Hili litokee usiku wa Februari, na pampu ya betri itakuwa imelipa gharama yake yote.

Valisneria na seratofilamu zikishakolea, utakuwa ukitoa ndoo ya majani kila wiki mbili. Usiyatupe kwenye bwawa, mfereji wa mvua wala mto, maana gugumaji lililoziba fukwe za ziwa Victoria nalo lilianza kama mmea wa mapambo. Yaanike juani mpaka yakauke kabisa, kisha uyatie kwenye shimo la mboji, au umpe jirani anayeanza tangi lake, akishayaloweka kwenye shabu.